Mlezi Asiyeandika Ripoti: Hotuba juu ya Kuwatunza Watumishi Vijana wa Kanisa

Baba Maaskofu, wachungaji wenzangu, wainjilisti, wazee wa makanisa, na akina mama mnaozibeba nyumba za watumishi kwa namna ambayo hakuna kamati inayoiandika katika kumbukumbu zake, Bwana asifiwe. Nawashukuru mliosafiri kutoka Busia, Kakamega, Siaya na Migori kuja hapa Kisumu, na nawashukuru waandaaji walionitaka nizungumzie malezi ya watumishi vijana kwa upande wa kutunzana, wala si kwa upande wa mitaala na mitihani, ambao una wataalamu wake.

Niseme mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Naamini kwamba kila mtumishi kijana anahitaji mtu mzima wa imani anayemtunza, na kwamba mtu huyo asiwe yule anayeandika ripoti yake, anayepitisha jina lake ili awekewe mikono, au anayeweza kumhamisha kutoka Nyalenda hadi kisiwani Mfangano kwa barua ya aya mbili. Katika makanisa yetu mengi ya upande huu wa nchi, kazi hizi mbili tumezikabidhi kwa mtu mmoja, kisha tunashangaa vijana wanapotuficha mambo hadi yanapoharibika.

Tumtazame mtumishi huyo katika wiki yake ya kawaida. Tuseme ni shemasi wa mwaka wa kwanza katika tambarare za Kano, aliyepewa makanisa manne na pikipiki ya kukodi. Alhamisi anakaa na kamati ya mazishi. Ijumaa alasiri anaupokea mwili kutoka mochari na kuongoza ibada ya jioni, na kelele za usiku hazimwachi alale. Jumamosi anazika, na katikati ya ibada analazimika kuamua, mbele ya umati, kama mbunge atapewa kipaza sauti kabla ya mahubiri au baada yake, huku akijua kwamba uamuzi wowote utamletea lawama. Jumapili ana ibada katika makanisa mawili yaliyo mbalimbali. Msimu wa masika, Mto Nyando unapovunja kingo zake, kanisa linageuka kuwa makao ya waliofurikiwa: magodoro juu ya mabenchi, mbuzi wamefungwa kwenye nguzo za nje, majiko yamepangwa ukutani upande wa vestri, na yeye ndiye anayeulizwa unga utatoka wapi. Jioni ya Jumapili simu inaita. Anaulizwa sadaka ilikuwa kiasi gani. Anaulizwa kota ya dayosisi, yaani mchango unaodaiwa kila parokia, itatumwa lini. Anaulizwa, kwa sauti ya chini kidogo, kama ni kweli mbunge alisema yale anayodaiwa kuyasema.

Maswali hayo yote ni halali, na mwenye kuyauliza amewekwa ayaulize. Lakini kijana huyo alimzika jana mtoto wa darasa la pili, mbele ya mama aliyekataa kuliachia jeneza, na wiki nzima itapita bila mtu kumuuliza jambo hilo limemfanya nini. Hata angeulizwa na msimamizi wake, angejibu kwamba yu mzima kwa neema ya Mungu, kwa sababu mwezi wa kumi na moja msimamizi huyo huyo ataandika kama anafaa au hafai.

Wengi wetu tumeuhubiri ugomvi wa Paulo na Barnaba, ulio katika Matendo 15, kama aibu ndogo ambayo Mungu aliigeuza kuwa safari mbili badala ya moja. Nimeusoma tena kwa ajili ya siku ya leo, na sioni aibu. Marko, msaidizi wao katika safari ya kwanza, alikuwa amewaacha Pamfilia na kurudi Yerusalemu; Luka, mwandishi wa Matendo, hatuambii kwa nini. Paulo alipokuwa akiipanga safari ya pili, hakuona vema kumchukua tena. Alikuwa na haki yake. Njia ile ilikuwa ya mawe: kule Listra alikwisha kupigwa na kuburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa, na anayepanga kazi ya namna hiyo lazima ajiulize ni nani atakayesimama na ni nani atakayekimbia. Barnaba alitaka Marko aende. Waraka kwa Wakolosai unatuambia kwamba Marko alikuwa jamaa yake Barnaba, kwa hiyo mjumbe yeyote wa kamati angeweza kunong'ona kwamba huo ni upendeleo, na huenda asingekosea. Wakashindana hata wakatengana. Paulo akaondoka na Sila; Barnaba akamchukua Marko wakatweka kwenda Kipro, kisiwa alikozaliwa Barnaba.

Tangu hapo Barnaba haonekani tena katika kitabu cha Matendo. Hakuna ripoti ya Kipro. Hatujui walikula nini, walihubiri wapi, wala kama Marko aliwahi kulieleza jambo la Pamfilia. Tunachojua ni kwamba baadaye sana Paulo, akiwa kifungoni, alimwandikia Timotheo aje pamoja na Marko, maana anamfaa kwa utumishi.

Kuuliza nani kati yao alikuwa sahihi ni kuuliza vibaya. Paulo aliipima kazi, Barnaba alimtunza mtu, na Kanisa lilizihitaji huduma zote mbili. Laiti Barnaba angeachiwa kuipanga safari, huenda angempeleka Marko mahali ambapo angevunjika kabisa. Laiti Paulo angeachiwa kumtunza Marko wakati ule, kila chakula cha jioni kingekuwa usaili. Tena tukumbuke kwamba Paulo mwenyewe aliwahi kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Wanafunzi wa Yerusalemu walipomwogopa, Barnaba ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwa mitume, na baadaye ndiye aliyefunga safari hadi Tarso kumtafuta, bila kungoja barua ya maombi.

Hata hivyo nisimwache Paulo aonekane mtu wa faili tu. Ukizisoma nyaraka zake kwa Timotheo, utaona mtu aliyekwisha kujifunza kutunza. Anamjua bibi yake Timotheo, Loisi, na mama yake, Eunike, kwa majina. Anayakumbuka machozi ya kijana huyo. Anajua kwamba tumbo lake linamsumbua na kwamba anaugua mara kwa mara, tena anampa shauri la dawa, atumie divai kidogo, ambalo wahubiri wetu wa kukataza pombe hulipita haraka sana. Na mwishoni yeye mwenyewe anaomba atunzwe: joho lake liko Troa kwa Karpo, aletewe, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi, na Timotheo ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mzee aliyeanzisha makanisa mengi anamwambia kijana wake kwamba anasikia baridi. Wapo walezi miongoni mwetu ambao vijana wao hawajawahi kusikia kwamba wanaumwa goti.

Eneo letu lina historia yake katika jambo hili, na si yote ya kujivunia. Wamishonari wa Friends, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na Church Missionary Society, chama cha wamishonari wa Kianglikana, ikaanza kazi Maseno mwaka 1906. Wavulana waliofundishwa katika vituo vile waliishi palepale. Walikula, walisali na kujifunza ufundi chini ya macho ya mwalimu, na ukaribu wa namna hiyo vyuo vyetu vya leo haviwezi kuutoa. Lakini aliyekulisha ndiye aliyeweza kukufukuza, na wale waliolea kwa karibu kiasi hicho walichukua muda mrefu mno kumwamini waliyemlea. Festo Olang', mwana wa eneo hilo la Maseno, aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi mjini Kampala mwaka 1955, pamoja na Obadiah Kariuki. Ilikuwa karibu nusu karne tangu kituo cha Maseno kianze. Mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana la Kenya. Mlezi asiyejua ni lini anapaswa kusogea pembeni naye ana tatizo, hata kama anampenda mwanafunzi wake.

Kisha ukaja Uamsho, vuguvugu la toba na kukiri dhambi waziwazi, uliotokea Rwanda na Uganda na kuingia Kenya mwaka 1937. Mliokulia katika nyumba za ndugu wa Uamsho mnajua nisemalo. Katika benchi la ushirika vyeo viliachwa mlangoni: mpishi aliweza kumwambia kasisi kwamba ulimi wake umekuwa mkali siku hizi, na kasisi akalipokea neno hilo. Watu walitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kumwona ndugu mmoja aliyenyamaza kupita kawaida. Hakuna aliyeandika ripoti ya mwenzake, na labda ndiyo sababu waliambiana kweli.

Lakini kukiri mbele ya wote kulikuwa na gharama yake, kwa kuwa kilichosemwa katika ushirika Jumatano kiliweza kufika sokoni Luanda kabla ya Ijumaa. Tena vikundi vya watu wanaopendana sana vina hatari ya kugeuka kambi. Mwaka 1957 mvutano kuhusu Uamsho katika Kanisa la Anglikana hapa Nyanza ulifikia hatua ya kundi zima kuondoka, likiongozwa na kasisi Matthew Ajuoga, na kuanzisha kanisa lao wenyewe. Ndio wanaojulikana kama Johera, watu wa upendo. Silitaji jambo hili ili kumhukumu mtu, maana ndugu zetu hao wapo hata leo na wanamtumikia Bwana. Nalitaja kwa sababu mlezi anayewafanya vijana wawe wake, badala ya kuwa wa Kristo na wa Kanisa zima, anajenga jeshi dogo, na jeshi hutafuta vita.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito: askofu ni baba wa makasisi wake, na mwangalizi ni baba wa wachungaji wake, je, nataka kumnyang'anya baba watoto? Sitaki. Lakini tuulizane sisi wenyewe tuliokulia katika boma za Wajaluo na Waluhya. Ni mambo mangapi ambayo kijana alimwambia baba yake ana kwa ana? Mengine alimpelekea mjomba wake, kaka wa mama, na mengine nyanya yake. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mama mzee ambako wasichana walilala na kufundwa mambo ya maisha; kazi hiyo hakuachiwa mama mzazi, ingawa mama mzazi alikuwepo na aliwapenda. Baba anayeshika nyumba, mshahara na uhamisho wa mwanawe ataambiwa yale yanayofaa kuambiwa baba. Hilo halimpunguzii heshima. Linamwondolea tu mzigo ambao hata hivyo hauwezi kubebeka kwa mtu mwenye parokia themanini.

Wengine watasema kwamba shida yetu ni elimu. Tangu miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilipofukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia mwaka 2023, nchi nzima imejadili vyeti, usajili na mafunzo ya wahubiri, na mjadala huo ni wa haki. Lakini cheti huonyesha mtu amesoma nini. Hakionyeshi ni nani anayeweza kumwambia kwamba hapo amepotoka, naye akasikia.

Sasa kazi yenyewe hufanywaje? Kwa hili sina nadharia, ila nimemwona mchungaji mmoja mstaafu, upande wa Vihiga, akiifanya vizuri kuliko yeyote ninayemfahamu. Kijana akifika kwake, haketishwi sebuleni chini ya picha za harusi na kalenda ya kanisa. Anapewa kwanza chakula, ugali na mrenda, na mzee hamuulizi neno. Eliya naye, chini ya mretemu, alipewa mkate na maji na akaachwa alale, mara mbili, kabla ya kuulizwa swali lolote. Baada ya kula wanatoka nje uani. Kuna turubai lenye mahindi makavu, na mzee anaketi kwenye kigoda, anamsogezea kijana kigoda kingine, na wanaanza kupukuchua. Anafungua mstari wa kwanza wa gunzi kwa ncha ya bisibisi kuukuu, kisha anasukuma punje kwa kidole gumba, na macho yake hayaondoki kwenye gunzi. Mazungumzo yanaanza na mbolea ya serikali. Yanapita kwenye bei ya gunia. Gunzi linafuata gunzi, na baada ya muda kijana anasema, naye pia akiwa ameinama, kwamba yeye na mke wake hawajasemezana tangu Pasaka. Mzee hainui kichwa. Anauliza, "Tangu Pasaka ya mwaka huu?" Kisha anachukua gunzi jingine, anangoja.

Nilimuuliza mzee huyo kwa nini hafanyi mambo haya ofisini, akaniambia kwamba mtu aliyeketi mbele ya meza hujitetea. Sijasikia maelezo bora zaidi. Kristo alipowaweka wale Thenashara, Marko anaandika kwamba aliwaweka wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri. Kuwa pamoja kukatangulia kutumwa. Sisi tunawatuma Januari na kukutana nao katika semina ya Agosti.

Hata hivyo kutunza si kubembeleza. Mzee yule wa mahindi baadaye alimwambia kijana, bila kuzunguka, kwamba mkewe ana haki ya kukasirika, kwa kuwa kijana alikuwa amekopa fedha za ada ya mtoto kulipia kota ili parokia yake isisomwe miongoni mwa zilizobaki nyuma. Kijana alilia, kisha akaenda nyumbani kuomba msamaha. Msimamizi wake angemsifu kwa kulipa kota mapema.

Kuna mipaka ambayo ni lazima niitaje wazi. Kwanza ni fedha: mlezi asimkopeshe kijana wala asikope kwake, hata kwa M-Pesa ya shilingi mia tano ya dharura, maana deni hubadilisha sauti za watu. Kuhusu wanaume na wanawake, Paulo alimwambia Timotheo awaonye wanawake vijana kama dada, katika usafi wote. Kwa mazoea ya leo hii ina maana kwamba wachungaji wa kike walelewe na akina mama waliokomaa katika utumishi, nao wapo, tatizo ni kwamba hatuwaombi. Wajane wa wachungaji hasa wana hekima ambayo tumeiacha ikae jikoni. Mpaka mzito kuliko yote ni siri. Kinachosemwa uani kibaki uani, na mlezi asikigeuze kuwa ombi la maombi katika kundi la WhatsApp, njia ambayo sisi watu wa Mungu tumeizoea kwa kusengenyana kwa heshima. Lakini madhara kwa mtoto hayana siri. Mlezi akisikia kwamba mtoto ameguswa au yumo hatarini, anapaswa kuyapeleka kwa wenye mamlaka, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006, na kijana aambiwe hivyo siku ya kwanza, kabla hawajaanza kuzungumza, ili asije akasema amesalitiwa.

Tunapenda kusema penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee wetu tumewastaafisha kwa keki, picha na mbuzi mmoja, kisha tukafunga lango. Walezi ninaowazungumzia wapo huko. Wapo Butere, Yala na Oyugis, wakichunga ng'ombe wawili na kusikiliza redio, wakingoja kualikwa kufungua harambee kwa sala. Hawana mamlaka tena juu ya mtu yeyote, na kwa kazi hii huo ndio ubora wao. Si wote wanaofaa. Mstaafu ambaye bado anapigana na askofu aliyemstaafisha atamlisha kijana uchungu wake. Wachaguliwe kwa uangalifu, kijana aulizwe yupi anaweza kumwamini, na mlezi asiandike chochote isipokuwa mstari mmoja kwa ofisi: tulikutana. Msimamizi aendelee na ripoti zake, tena aziandike kwa ukali unaostahili, kwa kuwa Paulo naye ana nafasi yake.

Limebaki jambo la nauli. Mzee wa Luanda anayekwenda Bondo kila mwezi kumwona shemasi hawezi kuitoa kwenye pensheni yake, na kijana mwenye makanisa manne hawezi kuitoa kabisa. Naomba kila dayosisi na kila mkutano wa mwaka uliowakilishwa hapa uweke fedha hizo katika bajeti inayokuja, na kamati ya fedha ikiuliza ziingie kifungu gani, ziingie palepale yalipo mafuta ya magari ya viongozi. Barua za uhamisho za Januari zitakapotoka, jina la mlezi liwe ndani ya bahasha hiyo hiyo. Nitapokea maswali sasa. Naomba waliowekewa mikono hivi karibuni waanze, na wasimamizi wao, ambao nawaona wameketi safu ya mbele, wawavumilie.